Wifi Aligonga Mara Mbili

Wanasema mawifi wakipendana kupita kiasi, mmoja wao anadanganya. Hawa wawili hawakumdanganya mtu. Walichukiana mchana kweupe, kazini, mbele ya wageni wenye miwani ya jua na miguu iliyojaa mchanga, na kama si Mzee mwenye mgahawa kuwahitaji wote wawili, wangekuwa wamesharushiana sahani zamani.

Mmoja alikuwa mpishi. Mwingine alikuwa mhudumu, na huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake, ingawa sina hakika kama anastahili. Wageni walimwita Mama Pua. Mwanzoni jina lilimkera, maana pua yenyewe ni kapua tu, kamebonyea kama kifungo cha shati. Baadaye alilizoea, kisha akaanza kuringa nalo. Mpishi alikuwa dada wa mumewe.

Mgahawa wenyewe uko ufukweni na hauna mlango. Unashuka ngazi sita za mbao, unavua viatu ukipenda, unakaa. Viti havifanani. Vitambaa vya meza ni vyeupe, vimewekewa mawe pembeni visipeperuke. Anayetaka kula na kaptula inayochuruzika maji ya chumvi, ale, hakuna wa kumtolea macho. Lakini usidanganyike na ulegevu ule. Jikoni kamba wanaingia wakiwa bado wanarusha mikia, chaza wanafunguliwa mgeni akiwa ameshakaa, na kule nyuma, katika chumba cha giza na baridi, zimelala chupa za mvinyo ambazo Mzee huzigeuza kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama mama anayemgeuza mtoto aliyelala. Watu wanatoka mbali kuja kula pale, na wengi wanarudi.

Sasa sikiliza chanzo cha ugomvi. Miaka kumi na mmoja iliyopita, mpishi ndiye aliyemshika mkono mke wa kaka yake akamleta kwa Mzee. "Huyu wifi yangu hana kazi," alisema, "lakini ana mikono misafi na hana mdomo." Kwenye mikono alisema kweli. Wema huo ukumbuke, kwa sababu mpishi hakuusahau hata siku moja, na wala hakuacha mwenzake ausahau.

Mwezi wa tatu tu, yule mgeni wa kazi alipita jikoni na trei ya glasi akasimama ghafla karibu na ndoo ya kome. "Wifi, hawa kome wamekufa."

Mpishi alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Wewe! Juzi ulikuwa hujui kome na kokoto, leo unanifundisha? Hebu peleka glasi."

Kome wakapikwa. Jioni hiyohiyo wageni watatu walitapika mpaka wakawaita mama zao. Mzee alipouliza kulikoni, wasichana wa mezani hawakumficha kitu. Mzee hakusema neno kwa mpishi. Alimchukua yule mhudumu mpya mpaka kwenye chumba cha mvinyo, akazibua chupa tatu, akampa vizibo anuse kimoja kimoja. Mama huyu hajawahi kumeza hata tone la mvinyo maishani mwake, na mpaka leo hajameza. Alinusa cha kwanza, akakirudisha. Alinusa cha pili, akakunja uso. "Hiki kinanuka kama daftari lililolowa maji," alisema.

Mzee alijipiga paja kwa furaha. Chupa ile kweli ilikuwa imeharibika. Kuanzia siku hiyo ikawekwa sheria: hakuna chupa itakayofika mezani kabla kizibo hakijapita kwenye pua ile, na hakuna sahani ya vitu vya baharini itakayotoka jikoni kabla haijanuswa.

Kati ya jiko na meza kuna dirisha lenye ubao. Mpishi anaweka sahani juu ya ubao. Mama Pua anaiinua mpaka usoni, anafumba macho, ananusa. Ikiwa nzuri, anagonga ubao mara mbili kwa kidole, ngo ngo, anaondoka nayo. Ikiwa mbaya, anaisukuma irudi ndani bila kusema kitu. Ndivyo walivyofanya kazi. Maneno hayakuhitajika, na ni heri, kwa sababu kufikia hapo walikuwa hawasemeshani tena.

Jiweke wewe mahali pa mpishi. Umepika miaka ishirini. Mtu uliyemtoa nyumbani kwake kwa huruma yako anasimama mbele yako kila mchana, anainua chakula chako, anakinusa kama umekipikia chooni. Mara arobaini kwa siku! Mimi ningemmwagia mchuzi wiki ya kwanza. Mpishi alivumilia miaka kumi. Katika miaka hiyo Mama Pua alirudisha sahani saba. Tatu zilikuwa na kasoro ya kweli. Nne zilikuwa na kasoro moja tu, kwamba asubuhi ile mpishi alimpita bila salamu. Nawaambia haya ili msije mkadhani namsifu.

Nyumbani mume, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa katikati ya moto huo bila kuungua. Mkewe akimsema dada yake, alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Dada akimsema mkewe, alitia uzi kwenye sindano. Ukimbana sana alijibu maneno yaleyale mawili: "Mimi simo."

Kisha ikaja homa. Haikuwa na ajabu yoyote, homa ya msimu wa mvua iliyolaza nusu ya mtaa. Mama Pua alilala wiki mbili, akapona, akarudi kazini amekonda kidogo. Mchana wa kwanza alizibua chupa, akaleta kizibo puani, hakusikia kitu. Akavuta pumzi tena. Hakuna. Alikimbilia chooni akanusa sabuni, akanusa dawa ya kusugulia sakafu, akanusa kwapa lake mwenyewe. Patupu! Ilikuwa kama kunusa kioo.

Alijua mara moja maana yake. Ana miaka hamsini na minne. Magoti yake yanalia akipanda zile ngazi sita. Wahudumu wengine ni wasichana wanaobeba sahani nne kwa mpigo huku wakicheka. Na Mzee aliwahi kumwambia, kwa utani lakini utani wa wazee unajulikana, "Mama Pua, bila hiyo pua yako ningekuwa nimeshakupumzisha." Pua ikienda, anakwenda naye. Atakaa nyumbani asikilize cherehani mpaka afe, na wifi yake atabaki jikoni akicheka. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma zaidi.

Basi akanyamaza. Kwa mvinyo alijitungia ujanja: alitazama kizibo kama kina ukungu, akainua glasi aone rangi, akamvizia mgeni anapopiga funda la kwanza. Uso ukikunjika, aliwahi kusema, "Nilitaka kukuletea nyingine." Watu wakazidi kumsifu. Kwa chakula hakuwa na ujanja wowote. Aliinua sahani, akafumba macho, akahesabu mpaka tatu, akagonga mara mbili. Miezi mitano ikapita hivyo, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeumwa tumbo. Akaanza kujiaminisha kwamba kumbe pua haikuwa na kazi kubwa hivyo.

Aliyeivujisha siri ni maharage. Siku yake ya mapumziko alibandika sufuria nyuma, akaenda chumbani kukunja nguo. Mumewe alikuwa barazani kwenye cherehani. Ghafla akaingia mbio, mkono puani. "Mke wangu! Maharage yameungua mpaka mtaa wa pili, wewe husikii harufu?"

Alibaki ameshika shati. Hakusikia. Akamtazama mumewe, machozi yakamlenga, akasema yote: homa, vizibo, kuhesabu mpaka tatu. "Usimwambie mtu. Nakuomba. Hasa yule dada yako."

"Mimi?" alisema fundi. "Mimi simo."

Siku tatu baadaye dada akaja kupimwa gauni. Fundi ana tabia ya kusema akiwa na pini mdomoni, na ukweli ni kwamba mdomo wenye pini unavuja kuliko mdomo mtupu. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani wifi akimwonea wifi huruma, ugomvi utakwisha, naye atakula chakula chake kwa amani. "Maskini mke wangu," alisema huku amepitisha utepe chini ya kwapa la dada yake. "Tangu ile homa hasikii harufu hata ya moto. Usimchukie, dada. Anateseka."

Mpishi alisimama na mkono wake juu, hakutikisika. "Pole yake," akasema. "Nipimie na mikono. Nataka mirefu."

Usiku ule mpishi hakulala kwa furaha. Halafu furaha ikageuka hasira, kwa sababu alihesabu miezi. Kumbe miezi mitano ananuswa na mtu asiyenusa! Anainuliwa sahani, anafumbiwa macho, anawekwa roho juu, na mwenzake pale hana habari kama ni kamba au ni matambara! Angeweza kwenda kwa Mzee akasema. Lakini Mzee angesema ni wivu wa mawifi, kama alivyosema kila mara kwa miaka kumi. Alitaka Mzee aone kwa macho na anuse kwa pua yake.

Akachagua Jumapili. Jumapili Mzee alikuwa na wageni wake, mume na mke wauza mvinyo, waliokuja na kasha la chupa mpya ili aonje na kuamua kama atazinunua. Mpishi alijua tabia ya Mzee: mezani kwake anagawa chakula mwenyewe, na hagusi kijiko kabla hajasimulia hadithi ndefu ya jinsi alivyojenga mgahawa kwa mbao za kuokota. Kutakuwa na muda wa kuwahi. Siku ya Ijumaa akatoa konzi ya kamba kwenye barafu, akawatia kwenye kopo, akalificha nyuma ya jiko, penye joto. Muuaji hakuwa, hilo namtetea. Alitaka kumwangusha mtu mmoja tu.

Jumapili ikafika, jua kali, meza zote zimejaa. Mama Pua alizibua chupa ya kwanza mbele ya wageni wa Mzee. Akanusa kizibo kwa madaha, akatazama chini yake, hakina ukungu. "Huu umetulia," akasema. Mke wa muuza mvinyo alipiga makofi. Mzee akanyoosha kidole kwa fahari: "Pua hiyo haina mfano ukanda huu wote!"

Mama Pua akarudi dirishani kichwa juu. Sahani ilikuwa inamngoja juu ya ubao, kamba wa kuchoma, vitunguu saumu vingi, ndimu, majani ya kijani juu. Kwa macho ilipendeza. Mpishi alikuwa amesimama ng'ambo ya ubao, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimtazama wifi yake usoni. Paka wa mgahawa, ambaye kila mchana hushinda chini ya dirisha lile akililia kamba, aliinuka akajinyoosha, akaondoka zake. Mama Pua alimwona akienda. Hakumtilia maanani.

Akainua sahani. Akafumba macho. Moja, mbili, tatu. Ngo ngo.

Akaipeleka mezani, akaiweka mbele ya Mzee, ambaye kweli alikuwa ndio kwanza amefika kwenye mbao za kuokota. Hajageuka, akasikia miguu nyuma yake. Mpishi alikuwa ametoka jikoni. Miaka ishirini hakuwahi kukanyaga mchanga ule wakati wa kazi, leo huyo, na aproni yake, anapita katikati ya meza za watu.

"Mzee, usiguse! Inuse kwanza."

Mzee akacheka, akainama. Kicheko kikakatika. Akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. Yule mgeni mwanamke alikuwa ameshaziba pua kwa leso. Nyama ya kamba ikiharibika haina adabu, hata kitunguu saumu kinashindwa.

"Hii ni nini?" Mzee aliuliza, sauti ya chini.

"Ni kamba wa Ijumaa," mpishi akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa raha. "Nimewaozesha mwenyewe, kwa makusudi, ili uone. Huyu hana pua, Mzee! Miezi mitano hana pua. Muulize mumewe. Anakudanganya wewe, anawadanganya wageni, na mimi ananidhalilisha bure. Amewanusa hawa sasa hivi, uozo huu, na amegonga mara mbili!"

Macho yote yakamgeukia Mama Pua. Hapo ndipo penye mambo, maana mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Angeweza kusema, ni kweli, Mzee, niliugua, niliogopa. Labda Mzee angemhurumia, labda asingemhurumia. Alimtazama wifi yake aliyekuwa anang'aa kama bibi harusi, na chuki ikamjibia kabla hajafikiri.

"Nimewanusa, Mzee," alisema polepole. "Ndiyo maana nimewaleta kwako, sikuwaacha dirishani. Nimechoka kumfichia. Nilitaka uone mwenyewe vitu ninavyovizuia pale miaka yote. Na sikugonga."

"Mwongo!" Mpishi alipiga kelele mpaka meza za mbali zikageuka. "Mwongo mkubwa wewe! Uligonga! Mara mbili, nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Pua yake nimeiona kwenye kizibo sasa hivi," Mzee akasema. "Kugonga huko, nani mwingine amesikia?"

Nani asikie? Mawimbi yanavuma, watu wanacheka, glasi zinagongana. Ngo ngo ile ilikuwa lugha ya watu wawili tu. Wasichana walitazamana, wakatikisa vichwa.

Mzee akamgeukia mpishi. Hakuwa na hasira ya kelele, na hiyo ndiyo mbaya. "Umesema kwa mdomo wako kwamba umeozesha chakula kwa makusudi ukakileta mezani kwangu, mbele ya wageni wangu."

"Ndiyo, lakini, Mzee, nilikuwa..."

"Vua aproni."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na pale hakuna aliyemwambia. Mpishi alivua aproni, akaikunja mara nne, akaenda kuiweka juu ya ubao wa dirisha, mahali palepale pa sahani. Alipompita Mama Pua alisimama. Hakumtukana. "Wifi," alisema, "hapa nilikuleta mimi." Kisha akapanda ngazi sita. Mzee akaomba radhi, chupa nyingine ikazibuliwa, na yule mgeni mwanamke akamshika Mama Pua mkono akamwambia amewaokoa.

Usiku huo fundi hakusema kwamba hayumo. Alihamishia mto wake barazani, akalala kando ya cherehani.

Haya, sasa ushindi ndio huo, ule! Akaja mpishi mpya, mwanamume mwenye kofia ndefu na visu vyake kwenye mkoba, anaimba kutwa. Siku ya kwanza aliweka chaza kumi na wawili juu ya ubao. Mama Pua akawainua, akafumba macho, akahesabu mpaka tatu, na kidole kikagoma. Akahesabu mpaka kumi. Mpishi mpya akaacha kuimba. "Mama, wana nini?"

Wana nini? Angejuaje! Hapo ndipo lilipomwingia jambo ambalo mimi na wewe tulishalijua. Miezi mitano hakunusa kitu, na hakuna aliyeumwa, kwa sababu nyuma ya dirisha lile alisimama mwanamke anayemchukia hadi kwenye mifupa lakini asiyeachia tena kitu kibovu ila kwa makusudi, mara moja, naye akakimbia mwenyewe kukizuia. Alikuwa anakula kwa jasho la adui yake na hakujua.

Akaanza kuonja. Kila sahani alichomoa kipande kimoja, akageukia ukuta, akatafuna, akasubiri kidogo, ndipo agonge. Wageni waliomwona wakadhani ni utaratibu wa nyumba, wakapenda. Tumbo lake halikupenda. Mara mbili ndani ya wiki tatu alilazwa chali kwa kuharisha, kwa sababu yule mwimbaji alikuwa na tabia ya kuacha ndoo juani akimaliza ubeti. Na bado haikutosha. Kaa mmoja alimponyoka, na mzee mmoja mstaafu, mteja wa kila Jumamosi, akachukuliwa kwenye ngazi zile amebebwa na watu wanne.

"Ulinusa?" Mzee akamuuliza.

"Nilinusa."

Mzee alimtazama. "Basi sawa," akasema, na kwa sauti ile Mama Pua alijua kwamba kichwani mwa Mzee mambo ya ile Jumapili yameanza kujipanga upya.

Jumanne iliyofuata, alasiri, akafunga safari kwenda kwa wifi yake. Sababu ilikuwepo, lile gauni la mikono mirefu lilikuwa limekwisha. Fundi alilibeba mkononi, akatembea hatua mbili nyuma ya mkewe njia nzima. Mpishi alipanga chumba na sebule ghorofa ya pili, kwenye jumba lenye ngazi za saruji. Mama Pua alisimama mlangoni, magoti yanalia, akainua mkono. Ngo ngo. Mazoea hayo.

Sauti ikasema kutoka ndani, karibu sana, kana kwamba mwenyewe ameegemea mlango: "Hapo umegonga mara ngapi?"

Mama Pua akashusha mkono. "Mbili."

"Nimesikia. Na siku ile nilisikia."

"Wifi, nimekuja tuzungumze. Nitasema na Mzee. Anakuhitaji, hatakataa. Nitamwambia mimi nimeshakusamehe."

Mle ndani mtu alicheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. "Umenisamehe! Ala! Mtu ananifukuzisha kazi kwa uongo, kisha anapanda ngazi kuja kunisamehe! Haya, msamehevu, sikiliza. Dirisha la jiko langu liko wazi hapo kulia kwako. Ninapika. Taja ninachopika. Ukipatia, kesho narudi kazini, sina neno na wewe. Ukikosea, utakwenda kwa Mzee leoleo umwambie uligonga."

Mama Pua akasogea dirishani. Pazia lilikuwa limeshushwa. Alivuta pumzi, akavuta tena, kifua kikajaa hewa isiyo na habari yoyote. Akamgeukia mumewe kwa macho ya kuomba. Fundi alitazama chini, akakunja gauni, akalikunjua. Basi akatumia akili. Saa kumi, mpishi, amezaliwa na samaki mkononi. Angepika nini kingine?

"Samaki," akasema. "Samaki wa kukaanga, na kitunguu saumu."

Komeo likasogezwa. Mlango ukafunguliwa wote, na mpishi akasimama kando ili waone vizuri. Sakafu imefagiliwa. Jiko liko pembeni, baridi, limefutwa likang'aa, na juu yake sufuria imefunikwa kichwa chini kama ya msafiri.

"Sijawasha jiko humu ndani tangu siku ile," mpishi akasema. "Kila nikishika kisu naona sahani yangu inanuswa na wewe. Nakula mkate na chai ya jirani." Alichukua gauni kutoka mikononi mwa kaka yake, akalipima kifuani. "Mikono umeipatia, kaka. Asante." Kisha akamtazama wifi yake. "Na wewe, nenda. Mzee Jumanne huwa anahesabu chupa mpaka saa kumi na mbili. Maneno yakikushinda, gonga tu meza yake mara mbili. Ataelewa."

Mlango ukafungwa, komeo likarudi mahali pake.

Mama Pua aliinua mkono agonge tena, ukabaki hewani, hajui afanye nao nini. "Nikisema," alimwambia mumewe, "kesho sina kazi."

"Najua," fundi akasema. Akamshika kiwiko, wakaanza kushuka ngazi, polepole kwa ajili ya magoti. "Twende. Nitakaa mlangoni mpaka umalize. Na usipogonga wewe, nitagonga mimi."